Folda Moja, Mashine za Kila Aina

Hotuba kwa wenye sekretaria, shule na biro ndogo za Lubumbashi

Bapapa, bamama, wandugu zangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, karibuni. Nawashukuru kwa kuacha kazi asubuhi hii, maana najua mwenye sekretaria, yaani duka la kuchapa na kutoa fotokopi, hapendi kufunga mlango wakati wanafunzi wanaleta TFC na memwari zao, kazi zao za mwisho wa masomo, kuchapwa.

Nilichokuja kusema ni hiki: mashine mlizo nazo, hata kama ni za aina mbalimbali, zinaweza kufanya kazi leo hii juu ya faili moja iliyokaa mahali pamoja. Hakuna mashine mpya ya kununua, wala mega za intaneti za kulipia. Kinachodaiwa ni kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri. Hapo ndipo watu wengi wanakata njia ya mkato, na hapo ndipo nitakaa sana.

Ingia sekretaria yoyote ya mji huu, iwe komini ya Kenya, Katuba au kule njia ya Kasapa karibu na chuo kikuu. Utakuta kompyuta ya mezani ya Windows inayochapia. Pembeni kuna laptopu ambayo kijana aliiwekea Linux, mfumo wa bure, badala ya Windows kwa sababu virusi vilikuwa vimeishinda. Ndani zaidi kuna Mac ya yule anayechora mabango na kadi za harusi. Na kati ya hizo zote inatembea flashi, kutwa nzima. Mwanafunzi anasahihisha sura ya pili kwenye mashine hii, anaongeza shukrani kwenye ile, na wakati wa kuchapa inatoka kopi ya juzi, kurasa themanini. Karatasi imekwenda, wino umekwenda, na mwanafunzi hana franka za kulipa mara ya pili. Flashi hiyohiyo imeshapita kwenye kompyuta za watu wengine kabla ya kufika kwenu, na kila kilichokuwemo humo kimeingia.

Ukiuliza kwa nini, unaambiwa: Windows na Mac hazisikilizani. Kuna wakati maneno hayo yalikuwa kweli, na nataka mjue kwa nini leo si kweli tena.

Mwaka 1983, ndani ya IBM, Barry Feigenbaum alibuni namna ya kompyuta moja kufungua faili iliyo kwenye diski ya kompyuta nyingine kana kwamba iko kwenye diski yake yenyewe. Hiyo ndiyo itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta, inayoitwa SMB. Microsoft waliichukua, wakaikuza, ikawa njia ya Windows. Mwaka 1984 Sun Microsystems walitoa itifaki yao, NFS, kwa mashine za Unix, mfumo ambao Linux imeufuata. Apple nao walikuwa na AFP yao. Kila ukoo ulizungumza na watu wake.

Aliyevunja ukuta huo alikuwa mwanafunzi. Andrew Tridgell alikuwa anasomea udaktari kule Canberra, Australia, na mwishoni mwa 1991 alitaka PC yake isome diski ya mashine ya Unix. Hakuwa na kitabu wala karatasi ya kumweleza itifaki ile inakwendaje. Aliandika programu ya kunasa pakiti, vipande vya ujumbe, zinazopita kwenye waya kati ya mashine mbili, akatazama swali gani linapata jibu gani, kisha akajenga seva, programu ya mashine inayotunza faili, inayojibu vilevile. Mwanzoni mwa 1992 akaitoa bure kwa yeyote anayeitaka. Kazi hiyo ndiyo leo inaitwa Samba, na imo ndani ya karibu kila Linux mnayoijua, pamoja na vile visanduku vya diski vya mtandao vinavyouzwa madukani.

Wenye Samba walikaa miaka mingi wakisikiliza waya tu. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, na kuiamuru iwape washindani wake maelezo ya namna seva za Windows zinavyozungumza. Mahakama ikathibitisha uamuzi huo mwezi wa Septemba 2007, na Desemba mwaka huohuo maelezo yakafika mikononi mwa watu wa Samba, kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Apple nao, mwaka 2013, walipotoa OS X Mavericks, mfumo mpya wa Mac wakati huo, waliifanya SMB2, toleo la pili la SMB, kuwa njia ya kawaida ya Mac, na AFP ikaanza kuzeeka.

Sisi watu wa hapa tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengine. Enzi za Union Minière, kampuni ya migodi, wafanyakazi walitoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja na lugha ya mama yake, na kambini wakapatana kwa Kiswahili bila yeyote kulazimishwa kuacha lugha ya kwao. SMB ndiyo imekuwa hivyo kwa kompyuta. NFS bado ni nzuri pale ambapo kila mashine ni Linux, lakini kwa biro zetu zenye mchanganyiko siishauri, kwa sababu Windows ya Home haina programu ya kuipokea.

Sasa nije kwenye mega, maana jambo hili linazuia watu wengi. Wengi wenu mnaamini kwamba faili ikitoka kompyuta hii kwenda ile kupitia ruta, inakula fofeti, yaani mega mlizonunua. Haili hata kidogo. Ruta inafanya kazi mbili: inaunganisha mashine za ndani ya nyumba, na inazitoa nje kwenda intaneti. Folda ya pamoja inatumia ile kazi ya kwanza peke yake. Fofeti ikiisha, folda inaendelea. Ruta ya zamani isiyo na laini yoyote ndani yake inatosha, almradi ina umeme. Kebo ya kawaida ya megabiti 100 kwa sekunde inapitisha megabaiti kama 11 kila sekunde. Video ya harusi ya megabaiti 600 inafika ndani ya dakika moja hivi, na hakuna aliyelipa kitu. Mama mmoja mwenye shule ndogo aliniambia walikuwa wanatumiana bulletini (ripoti za matokeo) za wanafunzi kwa WhatsApp, kutoka chumba hiki kwenda chumba cha pili, zikipita ng'ambo ya bahari na kurudi. Nilihuzunika kwelikweli, kwa sababu mega zile zilitoka kwenye karo za wazazi.

Sharti ni kwamba mashine zote ziwe kwenye mtandao mmoja. Likisikika jepesi, jueni kwamba nikiitwa mahali folda "imegoma", hiki ndicho ninachokitazama kwanza. Kompyuta ya mezani iko kwenye kebo ya ruta, halafu laptopu inachukua intaneti kwenye simu ya mwenyewe. Hizo ni nyumba mbili. Angalieni anwani, ile namba ambayo kila mashine inapewa kwenye mtandao: moja ikiwa 192.168.1.5 na nyingine 192.168.43.7, hazitaonana hata zikiwekwa meza moja. Jihadharini pia na waifai ya wageni ambayo ruta nyingi zinayo. Imetengenezwa makusudi ili mashine zilizomo zisionane.

Mashine inayotunza folda ipewe anwani isiyobadilika. Ingia kwenye ruta, uiwekee akiba ya anwani moja, tuseme 192.168.1.10. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani upya, na kesho yake kila mtu anasema folda imepotea.

Kufika kwenye folda si kazi kubwa. Tuseme folda inaitwa kazi. Kwenye Windows unafungua dirisha la faili na kuandika juu \\192.168.1.10\kazi. Kwenye Mac uko ndani ya Finder, unabonyeza Command na K, unaandika smb://192.168.1.10/kazi. Kwenye Linux unafungua kidhibiti cha faili, unabonyeza Ctrl na L, unaandika maneno yaleyale ya Mac. Hata iPhone, tangu iOS 13 ya mwaka 2019, inaingia kupitia programu yake ya faili. Wanaotaka Linux iunganishe yenyewe inapowaka wataandika mstari wa cifs (jina la SMB ndani ya Linux) kwenye faili ya /etc/fstab. Hao nawaomba neno la siri waliweke kwenye faili ya pembeni inayosomwa na root, msimamizi wa mashine, peke yake, na kwenye mstari ule waongeze neno nofail, ili mashine isikwame kuwaka siku seva imezimwa.

Mmeona mikwaju ya Windows, zile alama za \, imelala upande mwingine. Kibodi zetu nyingi ni AZERTY, zile zinazoanza na herufi A na Z juu kushoto, na alama hiyo imefichwa: kwenye AZERTY ya Kifaransa ni AltGr na 8, kwenye ile ya Kibelgiji ni AltGr na kitufe cha < kilicho karibu na Shift ya kushoto. Kibodi inaleta tatizo jingine kubwa zaidi. Neno la siri linaandikwa bila kuonekana. Mtu amelitunga kwenye AZERTY, kisha anakaa kwenye laptopu ya QWERTY, ya mpangilio wa Kiingereza, iliyotoka Dubai au Afrika Kusini, A inakuwa Q, namba zinakuwa alama, na mashine inamkataa mara tatu. Anasema Mac haipatani na Windows. Neno la siri la folda lisiwe na a, q, w, z wala m, na alitunge mtu anayejua kwamba litaandikwa kwenye kibodi mbili.

Na ile picha ya "Réseau" (mtandao) pembeni mwa dirisha la Windows, ambayo mtu anaibonyeza na kuikuta tupu, msiitegemee. Orodha ile ilijengwa kwa njia za zamani ambazo Windows mpya zimezizima. Kukosekana kwa jina pale si dalili kwamba folda haipo. Andika anwani. Ikikataa, tazama kama Windows ya mashine inayotunza folda inauhesabu mtandao wako kuwa wa hadharani. Ugeuze uwe wa faragha, maana kwenye mtandao wa hadharani inafunga mlango namba 445, ambao ndio SMB inapitia.

Tumefika kwenye majina.

Unapofungua folda ya mashine nyingine, mashine ile inauliza: wewe ni nani? Jibu linalotakiwa ni jina na neno la siri vinavyojulikana kwenye mashine inayotunza folda. Lile unaloandika asubuhi kufungulia laptopu yako, mashine ile hailijui. Wengi wanakwama hapo. Kwenye Windows mtu amezoea kuingia kwa PIN ya tarakimu nne, anaiandika kwenye folda, inakataliwa, na itakataliwa siku zote, kwa sababu PIN ni ya mashine ileile iliyowekwa na haisafiri kwenye mtandao. Kwenye Linux yenye Samba, neno la siri la Samba linawekwa peke yake kwa amri ya smbpasswd. Kuwa na akaunti kwenye mashine hakutoshi. Tena Windows haikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ukishaingia kama mtu fulani, ukitaka kuingia kama mwingine ni lazima ukate kwanza muunganisho wa mwanzo.

Halafu kuna ruhusa, na ziko ngazi mbili: ruhusa ya folda kama inavyotolewa kwenye mtandao, na ruhusa ya faili zenyewe kwenye diski. Inayoshinda ni ile iliyo kali zaidi. Mtu anafungua ya kwanza yote, anasahau ya pili, anabaki anasoma bila kuweza kuandika, na anashangaa.

Mtu akishachoka na mambo hayo, kishawishi kinakuja: "Tufungue folda kwa kila mtu, bila neno la siri, kazi iende." Ndugu zangu, nawasihi, msifanye hivyo. Ndani ya folda zenu mna nini? Mna kopi za kadi za wapiga kura, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, diploma za Serikali, matokeo ya wagonjwa kwa wale wenye vituo vya afya, memwari ambayo mtu ameilia usiku kwa mwaka mzima. Neno la siri la waifai yenu wateja wanalijua, limebandikwa ukutani. Kijana yeyote mwenye simu, akikaa kwenye benchi akingoja fotokopi, anaweza kuyatazama hayo yote, na kuyafuta. Watu wamekuja kwenu kwa sababu wanawaamini na karatasi zao. Kumtengenezea kila mfanyakazi jina lake kunachukua dakika tano. Na siku mmoja akiacha kazi, mnafunga jina lake peke yake bila kuwasumbua waliobaki.

Microsoft wenyewe wameshafunga njia hiyo kidogokidogo. Windows 10 toleo 1709, la mwaka 2017, zile za Enterprise na Education ziliacha kuingia kwenye folda za wageni, zisizo na neno la siri. Windows 11 Pro toleo 24H2 nayo inakataa, na inadai kila pakiti itiwe sahihi. Kwa hiyo laptopu mpya ikikataa folda ya wazi ambayo ya zamani ilikuwa inaiingia, laptopu haijaharibika. Mpe mtu jina na neno la siri, ataingia.

Kuna mlango mwingine wa kufunga: SMB ya kwanza kabisa, SMB1. Tarehe 12 Mei 2017 kilitoka kirusi cha WannaCry, kikapenya kupitia kasoro ya SMB1 kwenye Windows ambazo hazikuwa zimewekewa marekebisho yaliyotolewa mwezi Machi mwaka huo. Kilifunga faili za watu na kudai fedha. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilihesabu kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150, na huko Uingereza hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Hakikuhitaji mtu abonyeze kitu. Kiliruka chenyewe kutoka mashine hadi mashine. Kwenye mtandao utapata watu wanaofundisha kuiwasha SMB1 upya ili folda "ionekane". Wasiwashawishi. Najua baadhi yenu mna fotokopi kubwa za zamani zinazotuma skani kwa SMB1 peke yake. Hizo ziskani kwenye flashi yake yenyewe isiyotoka chumbani, au kwa FTP, njia nyingine ya kutuma faili, kama inayo. Msishushe usalama wa mashine zote kwa ajili ya fotokopi moja.

Majina ya faili nayo yanahitaji adabu. Windows haikubali alama hizi ndani ya jina: \ / : * ? " < > na |. Kwa hiyo ile tabia ya kuandika tarehe 12/03 kwenye jina la faili haiwezi kwenda. Andikeni 2025-03-12, na zitajipanga zenyewe kwa tarehe. Linux inaona Memwari.docx na memwari.docx kuwa faili mbili, Windows inaziona moja. Chagueni herufi ndogo siku zote. Mac zenye diski za HFS+, mpangilio wa zamani wa Apple, zinahifadhi é kama herufi mbili, e na alama yake, na baadhi ya programu hazioni kwamba ni jina lilelile. Mimi ningeacha kabisa alama hizo kwenye majina ya faili, hata kama ndani ya maandishi mnaziweka. Na faili za .DS_Store mtakazozikuta kwenye folda si virusi, ni Mac inakumbuka namna ilivyopanga dirisha lake.

Watu wawili wakifungua waraka mmoja, wa pili ataambiwa umefungwa na fulani, na atausoma tu. Ndivyo inavyotakiwa. Msikwepe kwa kuuhifadhi kwa jina jipya la "final 2", maana mtarudi kulekule kwa kopi ya juzi.

Umeme. Mashine ya kutunza folda ningeichagua laptopu, hata iliyovunjika kioo, kwa sababu betri yake inaishikilia mkondo unapokatika. Izuieni kulala ikifungwa kifuniko, na iungeni kwa kebo badala ya waifai. Ruta nayo itafutieni betri, maana laptopu ikibaki hai na ruta imekufa hakuna anayefika.

Jambo la mwisho ni kopi ya akiba. Folda ya pamoja si akiba. Aliyefuta amefuta kwa wote, na kirusi kinachofunga faili kwenye laptopu moja kitafunga pia kila kilicho kwenye Z:, yaani folda ya pamoja inavyoonekana kwenye Windows ya mtu huyo. Nunueni diski ya nje, mnakili kila jioni, kisha mwichomoe na kuiweka mbali na mashine. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaipata nayo.

Nimeleta hapa mezani mashine tatu, moja ya kila aina, na ruta isiyo na intaneti yoyote. Sogeeni karibu. Yule kijana mwenye Mac aje mbele atengeneze majina mawili kwenye hii ya Linux, moja la kusoma na moja la kuandika, halafu mama wa shule ajaribu kuingia kutoka Windows.